Dudley Street, Boston: mtaa uliopata ardhi yake, kisha ukalazimika kuamua wapi pasijengwe

Ramani ya viwanja vya Dudley Street, katika eneo la Roxbury jijini Boston, Marekani, ya katikati ya miaka ya 1980 ingemtoa jasho afisa mipango miji yeyote. Karibu theluthi moja ya ardhi ilikuwa tupu. Viwanja 1,300 vilikuwa vimeota magugu ndani ya mtaa ambao kiini chake kilikuwa na watu wapatao 12,000, umbali usiofika kilometa nne kutoka katikati ya jiji. Tena utupu wenyewe haukuwa mahali pamoja. Kiwanja cha jiji kilibanwa na cha mwenye mali aliyehama zamani na asiyejulikana aliko, pembeni ya hicho ikawepo nyumba ya familia inayolipa kodi zake, kisha kiwanja kingine cha jiji, kisha gofu lililoungua. Ilikuwa kama mkeka ulioliwa na panya. Ukijumlisha mapengo yote, ardhi ya kutosha shule, soko na viwanja vya michezo ilikuwepo, na bado hapakuwa na pahali pa kutundika hata bembea mbili.

Kisa cha Dudley husimuliwa zaidi kwa upande wa nyumba: maskini walivyopata makazi ya bei nafuu na hawakufukuzwa baadaye bei zilipopanda. Ni kweli, na nyumba hizo nitazigusa. Lakini kwa mtu anayefikiria shule, zahanati, bustani na viwanja vya wazi katika ardhi inayomilikiwa na jamii, sehemu yenye mafunzo mengi ni ile ambayo haikujengwa nyumba.

Kwanza, utupu huo ulitoka wapi. Kwa miaka mingi benki zilikataa kukopesha watu wa mitaa ya Weusi, na Wazungu waliokuwa na uwezo wakahamia viungani. Nyumba zikashuka thamani mpaka baadhi ya wenye nyumba wakaona fidia ya bima ni kubwa kuliko kodi ya wapangaji. Katika miaka ya 1960 na 1970 moto ukawa jambo la kawaida Roxbury, na mwingi ulikuwa wa kuwashwa kwa makusudi. Viwanja vilivyobaki vikageuka jaa la jiji zima. Makampuni ya ujenzi yalikuja usiku kumwaga vifusi, watu wa mitaa mingine wakaacha magari mabovu, na vituo vya kuhamishia taka vikafanya kazi bila kibali karibu na madirisha ya watu. Kwa mkazi wa Dudley, eneo la wazi lilikuwa na maana moja tu: uvundo. Hili tulikumbuke, maana linarudi mbele wakati wa kugawa ardhi.

Mwaka 1984 wadhamini wa Riley Foundation, mfuko wa hisani wa Boston, walifika Dudley kutazama ofisi ya shirika la La Alianza Hispana lililokuwa limeomba fedha za kukarabati jengo lake. Walipotoka nje na kuona hali ya mtaa, wakaona ukarabati wa ofisi moja hautabadilisha kitu. Wakaita mashirika yanayofanya kazi pale, wakapanga mpango mkubwa, wakaandaa na bodi ya kuusimamia, yenye wajumbe 23. Nafasi za wakazi zilikuwa nne.

Mpango huo ulipelekwa kwa wananchi katika mkutano wa hadhara mwanzoni mwa mwaka 1985. Waandaaji walitarajia pongezi. Badala yake wakaulizwa ni wangapi kati ya waliokaa meza kuu wanaoishi Dudley, na jibu lilikuwa la aibu. Wanaotoka mikutano ya wadau huku kwetu, ile yenye chai, posho na makabrasha, wanajua hatua inayofuata kwa kawaida: maoni yanapokelewa, yanawekwa kwenye kiambatisho, mradi unaendelea. Safari hii waliokuwa na fedha walirudi nyuma. Muundo ukavunjwa, bodi mpya ikawa na viti 31, na wakazi wakapewa 12. Viti hivyo viligawanywa sawa kwa makundi manne ya mtaa, yaani Wamarekani Weusi, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), watu wenye asili ya Cape Verde na Wazungu, vitatu vitatu, bila kujali kundi lipi lina watu wengi. Chombo kikaitwa Dudley Street Neighborhood Initiative, au DSNI. Baadaye wakazi wakawa ndio wengi kwenye bodi.

Kwangu mimi hapa ndipo kisa chote kinapofungwa na kufunguliwa. Mgawo sawa wa viti uliwaudhi waliotaka hesabu ya vichwa, lakini faida yake ilionekana miaka iliyofuata. Kundi kubwa lisingeweza kuamua peke yake kwamba kiwanja fulani kiwe maegesho ya kanisa lake au ukumbi wa watu wake. Ili kitu kijengwe kwenye ardhi ya wote, ilibidi kipitishwe na watu wasiosali pamoja na wasiozungumza lugha moja nyumbani.

Kazi ya kwanza ya DSNI haikuwa ramani. Ilikuwa takataka. Kampeni ya mwaka 1986 ililishinikiza jiji liondoe magari mabovu, lisafishe viwanja na kufunga vituo haramu vya taka. Meya Raymond Flynn akafika, vituo vikafungwa. Wataalamu wengi wa mipango wangeiona hatua hiyo kama siasa ndogondogo, lakini watu waliokwisha kuahidiwa mengi wakavunjwa moyo hawakai jioni nzima kujadili matumizi ya ardhi mpaka waone gari bovu moja limevutwa likaondoka.

Mpango wenyewe ulikamilika mwaka 1987. DSNI iliajiri washauri wake yenyewe, kampuni ya DAC International, na wakazi wakajadili mtaa wao kwa miezi kadhaa. Kabla ya hapo rasimu ya jiji kuhusu eneo hilo ilikuwa imevuja, ikionyesha minara ya ofisi na hoteli. Mpango wa wakazi ulizungumzia kitu tofauti kabisa, kijiji ndani ya jiji, chenye nyumba za ukubwa wa kawaida, maduka ya kutembelewa kwa miguu, vituo vya watoto na vijana, na uwanja wa wote katikati. Jiji liliupokea kama mpango rasmi. Sijui mifano mingi ya halmashauri kuweka kando michoro yake na kushika ya wananchi.

Lakini mpango mzuri juu ya ardhi ya vipande ni karatasi tu. Katika pembetatu iliyo kiini cha mtaa, ekari zipatazo 64, ardhi tupu ilikuwa karibu ekari 30. Kama nusu ilikuwa ya jiji na nusu ya watu binafsi, iliyochanganyika vile nilivyoeleza. Jiji lingeweza kutoa vipande vyake, ila kipande cha jiji peke yake hakifai kitu ikiwa jirani yake anashikilia kwa kubahatisha bei. Na ingetokea hivi: wakazi wasafishe mtaa, thamani ipande, wenye viwanja vilivyotelekezwa wauze kwa faida, kisha wakazi haohao washindwe kulipa kodi ya nyumba.

DSNI ikaomba jambo ambalo kikundi cha mtaa hakijawahi kupewa Marekani: mamlaka ya kutwaa ardhi kwa lazima kwa manufaa ya umma. Kwa Weusi wa Marekani mamlaka hayo yalikuwa na historia chungu, maana ndiyo yaliyotumika kubomoa mitaa yao kupisha barabara kuu na miradi ya kile kilichoitwa kufufua miji. Sasa walikuwa wanaomba panga lilelile lipewe mkono wao. Sheria ya jimbo la Massachusetts iliruhusu kampuni maalumu ya uendelezaji kupewa mamlaka hayo, na tarehe 10 Novemba 1988 bodi ya Boston Redevelopment Authority, mamlaka ya uendelezaji ya jiji, ikapiga kura ya kukubali. Sharti lilikuwa wazi: yatatumika kwa ardhi tupu tu. Nyumba ya mtu haiguswi. Bila sharti hilo sidhani kama mtaa ungekubaliana, na kusema kweli usingepaswa kukubali. Fedha za kuwalipa waliotwaliwa viwanja zilitokana kwa sehemu kubwa na mkopo wa dola milioni 2 wa Ford Foundation.

Ardhi iliyopatikana haikugawiwa wakazi mmoja mmoja. Iliwekwa chini ya Dudley Neighbors, Incorporated, dhamana ya ardhi ya jamii ambayo wajumbe wengi wa bodi yake huteuliwa na DSNI, na serikali ya jiji nayo ina nafasi yake. Utaratibu ni mwepisi kuueleza ingawa ni mgumu kuuzoea. Ardhi ni ya dhamana na haiuzwi. Mwenye nyumba anamiliki nyumba, na ardhi iliyo chini yake anaipanga kwa mkataba wa miaka 99 unaoweza kuendelezwa. Akitaka kuhama anauza, ila bei ina kikomo ili anayefuata mwenye kipato kama chake aweze kununua. Kwa utaratibu huu zimejengwa nyumba zaidi ya 220, za kumiliki, za ushirika na za kupanga. Msukosuko wa mikopo ya nyumba ulipoikumba Marekani mwaka 2008 na familia za Roxbury zikapokonywa nyumba na benki, kwenye ardhi ya dhamana hali hiyo karibu haikuonekana.

Sasa kuna swali la bustani.

Ardhi ya jamii ina tatizo ambalo ardhi ya serikali haina kwa kiwango hicho. Kila kipande kina watu wanaokisubiri. Ukiwa na orodha ya familia zinazohitaji nyumba na bado una ekari moja mkononi, anayesema "hapa pabaki wazi" anaonekana hana huruma. Dudley palikuwa na ugumu mwingine juu ya huo. Watu waliokaa miaka 20 wakitazama viwanja vitupu na kuvichukia walikuwa wanaombwa waache baadhi yake vitupu, safari hii kwa hiari. Uwazi ulikuwa kidonda chao. Ndiyo maana naona walifanya la maana kuandika uwanja wa kati, ule walioita Town Common, ndani ya mpango wa 1987, kabla nyumba ya kwanza haijaanza msingi. Ungeachwa uamuliwe baadaye, usingekuwepo.

Na jina walilochagua lilikuwa na uzito wake. Boston ndiyo yenye Boston Common, ardhi iliyotengwa mwaka 1634 kama malisho ya wote, ng'ombe wakalishwa pale mpaka walipopigwa marufuku mwaka 1830. Miji mingi ya kale ya New England, yaani kaskazini mashariki mwa Marekani, ina uwanja kama huo mbele ya kanisa au ukumbi wa mji. Mtaa wa Weusi, Walatino na wahamiaji wa Cape Verde kudai uwanja wa aina hiyo ulikuwa ni kudai kuhesabiwa kama mji kamili. Uwanja ulitengenezwa kwenye makutano ya Dudley Street na Blue Hill Avenue, na majira ya joto soko la wakulima hukaa pale.

Mahali pengine hapakuwa na mpangilio wa kupendeza hivyo. Baadhi ya maeneo ya wazi ya dhamana ni mabaki ya kweli: kipande chembamba ambacho nyumba haikai, kona iliyobaki baada ya barabara kupindishwa. Hapo pamepandwa bustani, miti ya matunda, pakawekwa uwanja mdogo wa watoto. Kwenye ripoti vyote huhesabiwa kuwa eneo la wazi. Ila bustani iliyopewa nafasi yake tangu mwanzo na bustani iliyopewa makombo si kitu kimoja, na mpango wa nyumba kwanza huzalisha za aina ya pili zaidi. Kama ningeketi kwenye bodi ile ningepigania angalau kiwanja kimoja kikubwa zaidi cha mpira, hata kwa gharama ya nyumba kadhaa. Wengi pale wangenipinga, na wangekuwa na hoja.

Kulikuwa pia na udongo wenyewe. Nyumba zilizoungua zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo Marekani haikupiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mpaka mwaka 1978. Majivu na magamba ya rangi yakaingia ardhini, juu yake zikamwagwa takataka za miaka. Mtoto akicheza kwenye udongo huo, au mama akila mchicha uliooteshwa humo, ni sumu. Kwa hiyo kiwanja ambacho kwenye ramani kimepakwa kijani kilihitaji kupimwa, udongo kuondolewa au kufunikwa, na mboga kupandwa kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye udongo safi. Gharama hizi hazionekani kwenye mchoro. Anayepanga bustani juu ya gereji ya zamani, dampo au kiwanda, hata Gerezani ya Dar es Salaam au Industrial Area ya Nairobi, aziweke kwenye bajeti kabla ya kuchagua aina ya nyasi.

Mfano halisi ni Brook Avenue. Palikuwa na gereji. Leo pana banda la kioo la kuoteshea mboga lenye ukubwa wa futi za mraba 10,000, kwenye ardhi ya dhamana. Tangu mwaka 2010 linaendeshwa na The Food Project, shirika linalolima na vijana. Nitalirudia hivi punde.

Upande wa majengo ya huduma, dhamana haikujaribu kumiliki kila kitu, na hapo naona busara. Kituo kikubwa cha michezo na jamii kilichofunguliwa Dudley Street mwaka 2011 ni cha Salvation Army (Jeshi la Wokovu), kilichojengwa kwa urithi mkubwa alioacha Joan Kroc, mjane wa tajiri wa McDonald's, kwa ajili ya vituo vya aina hiyo nchini kote. DSNI na wakazi walishiriki kukileta na kukiwazia, lakini bwawa la kuogelea ni mzigo wa kila mwezi ambao mtaa usingeweza kuubeba. Ubaya wake ni kwamba huduma inayoendeshwa na mwingine ina masharti ya mwingine. Ni ya uanachama wa kulipia, na familia yenye watoto wanne huanza kupiga hesabu mlangoni. Kwa mtazamo wangu, pale dhamana inapoacha uendeshaji ingefaa ishike angalau neno juu ya ada.

Huku kwetu utaratibu huu si mgeni kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wa Tanzania-Bondeni, mtaa wa mabanda mjini Voi, Kenya, walipewa nafasi ya kuchagua aina ya umiliki katika mradi ulioungwa mkono na serikali na GTZ, shirika la misaada ya maendeleo la Ujerumani. Wakachagua dhamana ya ardhi ya jamii badala ya hati za mtu mmoja mmoja, kwa hofu ileile ya Dudley: hati ikitoka leo, tajiri ananunua kesho. Ardhi ya hekta 22 ikawa ya pamoja, nyumba za mtu binafsi. Shinikizo la kutaka hati binafsi lilikuja baadaye, mji ulipokua na ardhi ikapata bei.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016 inaleta swali ambalo Dudley walilijibu kimyakimya. Inaruhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa matumizi ya umma. Ikishatengwa hivyo, Tume ya Taifa ya Ardhi huitangaza kwenye gazeti la serikali kuwa ardhi ya umma. Yaani mkishatoa kiwanja cha shule kwa njia hiyo, kimetoka mikononi mwenu. Wapo wanaosema ndiyo salama zaidi. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata, Nairobi, walipigwa mabomu ya machozi wakitetea uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta, na hiyo ilikuwa shule ya serikali. Sheria hiyohiyo inaiachia jamii njia ya pili: kutenga maeneo maalumu ndani ya ardhi yake yenyewe, ya makazi, ya kilimo, ya hifadhi, ya ibada na mila, bila kuyatoa. Dudley walitumia mchanganyiko. Vya gharama kubwa viliendeshwa na jiji au mashirika, bustani na banda la mboga vikabaki kwenye ardhi ya dhamana. Jamii inayoandika kanuni zake leo Laikipia au Kajiado inapaswa kupitia kiwanja baada ya kiwanja kwa swali hilo, maana zahanati inahitaji mishahara ya kaunti na uwanja wa baraza hauhitaji.

Kinachobaki ni nani anafagia. Nyumba inajilipia: mpangaji analipa, mwenye nyumba analipa pango la ardhi. Bustani hailipi mtu. Kwa miaka mingi kazi ya DSNI yenyewe, ya kuwaweka wakazi pamoja na kutunza maeneo, imetegemea ruzuku za mifuko ya hisani, na ruzuku huisha. Ndiyo maana banda la Brook Avenue linanivutia zaidi kuliko uwanja wa kati. Nusu ya nafasi yake hulimwa nyanya na mboga za kuuza, ili lichangie gharama zake. Nusu nyingine imegawiwa wakazi na vikundi vya mtaa, wanaotesha wanachokula wenyewe, na mapato ya upande wa nyanya husaidia kuwasha joto la pande zote mbili wakati theluji ikianguka nje.